Nusu Karne ya Taasisi ya Elimu na Hadithi Zilizotulea

Taasisi ya Elimu Tanzania, ambayo wengi tunaiita TET, imetimiza miaka 50. Ilizaliwa kwa Sheria Na. 13 ya mwaka 1975, na tangu hapo imebadilishiwa jina, imeshuhudia sera zikipandishwa na kushushwa, na imewaona mawaziri wengi wakija na kuondoka. Kazi yake ya msingi imebaki ileile: kuamua mtoto wa Tanzania asome nini. Jubilei kama hii huwa na hotuba za mitaala, mihtasari na umahiri, na hizo zina wasemaji wake. Sisi tumechagua kuipongeza Taasisi kwa mchango ambao hauingii kwa urahisi katika taarifa ya mwaka. Ni zile hadithi, mashairi na tamthilia ilizotusomesha, na namna zilivyotufundisha kuishi na watu na kuishi na ardhi.

Mtajie Mtanzania aliyesoma shule ya msingi miaka ya 1970 au 1980 jina la Kibanga, naye atakumalizia habari yote bila kuombwa. Atakwambia Kibanga alimfanya nini mkoloni, na pengine atainuka kitini akuoneshe mwereka wenyewe. Mtajie Kalumekenge, ataanza kukuhesabia nani alitumwa amfanye nini nani. Mtu huyo huenda amesahau kanuni ya kutafuta eneo la duara, na tarehe za vita vya kale zimemtoka zote. Kalumekenge hajamtoka. Tunaandika tahariri hii kwa sababu ya tofauti hiyo.

Tuanze hapohapo kwa Kalumekenge, mtoto aliyekataa kwenda shule. Fimbo inaombwa imchape, inakataa. Moto unaombwa uichome fimbo, nao unakataa. Maji yanaombwa yauzime moto, na safari inaendelea hivyo hadi anapopatikana mmoja wa kukubali, mnyororo mzima ukageuka na mtoto akaenda shule mbio. Walimu wetu waliifundisha kama hadithi ya utii, nasi tuliipenda kwa mdundo wake. Ukiisoma leo unaona kitu kingine ndani yake. Hakuna kiumbe wala kitu kilichosimama peke yake: kila kimoja kina kinachokitegemea na kinachokitisha. Mtoto wa miaka minane alipewa wazo la ikolojia kabla neno hilo halijafika kijijini kwao, na alipewa kwa wimbo.

Kuna pia lile shairi la baba mgonjwa aliyerudi kutoka safari ya mbali, wanawe wakamtaka urithi, naye akawaelekeza shambani. Vijana walichimbua shamba zima wakitafuta hazina iliyofukiwa, hawakuipata, wakapanda kwa kuwa udongo ulikuwa umeshalimwa, na mavuno yakawatajirisha. Ni shairi la Elimu ya Kujitegemea hasa, sera iliyotangazwa mwaka 1967, na ni vigumu kutaja somo la uchumi lililokaa vichwani mwa watu wengi kuliko hilo. Tuna neno moja tu la pembeni. Shairi linamsifu anayelima, lakini halisemi kuwa udongo nao huchoka. Watoto walioliimba wakati ule ndio waliolima milima ya Uluguru na Usambara bila matuta, wakaona rutuba ikiteremka mtoni kila masika. Hatulilaumu shairi. Tunasema kwamba kila kizazi kinahitaji ubeti wake wa kuongezea.

Mwaka 1975 haukuwa mwaka wa kawaida kwa elimu yetu. Azimio la Musoma lilikuwa limepitishwa mwaka uliotangulia, likitaka kila mtoto aende shule ya msingi, na mwaka 1977 kampeni ya Elimu ya Msingi kwa Wote (UPE) ikatekelezwa kwa kishindo. Madarasa yalijaa haraka kuliko vitabu. Taasisi changa ililazimika kuandaa maandiko kwa mamilioni ya watoto katika nchi ambayo karatasi yenyewe ilikuwa ya kutafuta. Kwa miaka mingi vitabu vyake vilibeba jina la Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, mpaka mwaka 1993 ilipopewa jina tunalolijua sasa. Walioandika vitabu vile walikuwa walimu na wakuza mitaala ambao majina yao mara nyingi hayakuchapwa kwenye jalada. Sherehe hii ingekuwa mahali pazuri pa kuyasoma hadharani, mmoja baada ya mwingine, hata kama orodha ingewachosha wageni waalikwa.

Mwaka huohuo wa 1975 ndipo Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima nayo ilipopata sheria yake, na ndugu hawa wawili waligawana kazi. Mkubwa alikaa na wazazi kando ya redio, katika kampeni kama Misitu ni Mali ya mwaka 1980. Mdogo alikaa na watoto darasani. Jioni moja baba angeweza kusikia redioni habari ya kupanda miti, na mtoto akawa na kitabu mkobani chenye habari hiyohiyo. Siku hizi tuna simu, televisheni na mabango ya kila rangi, lakini mpangilio wa namna ile, wa nyumba nzima kuzungumzia jambo moja kwa majira mamoja, hatujui lini tuliuona mara ya mwisho.

Tupande sasa sekondari, maana huko ndiko fasihi ilikobeba mzigo mzito zaidi.

Wanafunzi waliopita kidato cha tatu na cha nne katika miaka iliyofuata mihtasari ya 2005 wanaijua orodha kwa moyo: Takadini, Watoto wa Mama N'tilie, Joka la Mdimu, Ngoswe, Kilio Chetu, Orodha, Wasakatonge, Malenga Wapya, Mashairi ya Chekacheka. Tumesikia watu wakiilalamikia kwamba imekaa mno, na tutalirudia hilo. Kwanza haki yake. Mwenye kuitazama vizuri ataona kwamba waliochagua vitabu hivi walikuwa wakiitazama nchi usoni.

Chukua Takadini ya Ben Hanson. Ni hadithi ya kale ya Zimbabwe, iliyotiwa katika Kiswahili, ya mtoto aliyezaliwa na ualbino katika jamii ambayo mila yake ilitaka mtoto wa namna hiyo asiishi. Mama yake, Sekai, anambeba mgongoni na kukimbia naye usiku kwenda kuishi kwa watu asiowajua. Kitabu hiki kilikuwa mikononi mwa wanafunzi wetu katika miaka ileile ambayo nchi ilitikiswa na mauaji ya watu wenye ualbino, hasa kanda ya Ziwa. Serikali ilikamata, mahakama zilihukumu, mashirika yalitoa matamko, na yote yalihitajika. Darasani kulikuwa na kazi nyingine inayoendelea kimyakimya. Mwanafunzi wa Geita au Sengerema, ambaye huenda nyumbani alisikia maneno ya waganga kuhusu viungo vya binadamu, alilazimika kukaa kurasa kwa kurasa na mama aliyempenda mtoto wake. Alimwona Takadini akikua, akijifunza muziki kwa mzee aliyemkubali, akipenda na akipendwa. Ukishamfahamu mtu kiasi hicho, huwezi tena kumtazama kama kitu cha kuuzwa.

Hatuna kipimo cha kutuambia ni wangapi walibadilika kwa kitabu hicho, na mtu yeyote akikupa tarakimu ya jambo kama hilo mwogope. Tunachojua ni kwamba huruma huanza kwa kumfahamu mtu, na kwamba riwaya ni chombo cha kukufahamisha na mtu ambaye usingekutana naye kamwe, tena kwa muda mrefu kuliko tangazo lolote la sekunde thelathini.

Watoto wa Mama N'tilie, ya Emmanuel Mbogo, ilifanya kazi hiyohiyo upande wa jiji. Mama anauza chakula, baba mlevi, watoto wanarudishwa nyumbani kwa kukosa ada na sare, na mwisho wanajikuta jalalani wakichokoa taka kutafuta chochote cha kuliwa au kuuzwa. Dar es Salaam inayajua majalala. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliishtaki Halmashauri ya Jiji kwa kutupa taka katikati ya makazi yao, moshi na harufu vikiwaua polepole, na Mahakama Kuu ikawapa haki. Kesi ile inasomwa hadi leo katika vitivo vya sheria kama mlango wa haki ya mazingira nchini. Jalala likahamishwa, na watu wa mahali lilipohamia nao wakaanza kulalamika, na likahama tena.

Sheria iliuliza taka zitupwe wapi. Mbogo aliuliza nani anaishi juu yake. Mwanafunzi aliyesoma vyote viwili, na tungependa sana vifundishwe pamoja, ataelewa kwamba uchafuzi wa mazingira na umaskini ni habari moja. Mada ya mazingira ikifundishwa kwa kuorodhesha aina za uchafuzi, wa hewa, wa maji, wa ardhi, wa kelele, mtoto anaandika, anapata alama, na anatupa ganda la muwa dirishani akiwa kwenye daladala. Nchi yetu ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, na kwa kweli mifuko ile ilipungua sana mitaroni. Chupa zimechukua nafasi yake. Sheria inakataza kitu kwa jina lake. Aliyezoea kutupa hutafuta kingine cha kutupa.

Na kuna Ngoswe ya Edwin Semzaba, tamthilia fupi ya karani wa sensa anayeacha kazi ya taifa akafuata penzi la Mazoea, hadi karatasi za sensa zikaishia motoni. Inachekesha, na kila nchi inapohesabu watu, kama tulivyofanya Agosti 2022, utani wa Ngoswe hufufuka vijiweni. Semzaba hakumhubiria mtu umuhimu wa takwimu. Alituonesha zinavyoungua.

Sasa tuseme ya pili, maana jubilei isiyo na neno la ukweli ni karamu tu.

Fasihi hufundisha thamani pale inapoachwa iwe fasihi. Ikibanwa iwe mahubiri, mtoto anaikimbia. Ikibanwa iwe mtihani, anaikariri. Mashuleni kwetu imebanwa kotekote. Ingia darasa la kidato cha nne mwezi wa Septemba, utawakuta wanafunzi wakikariri majedwali: dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa, mtazamo, msimamo, kisha muundo, mtindo, wahusika, mandhari. Kitabu chenyewe kipo kimoja, kwa mwalimu, kimechanika jalada. Kinachozunguka ni vijitabu vya uchambuzi na makaratasi ya kurudufiwa. Mwanafunzi anaweza kuandika insha ya kurasa tatu kuhusu nafasi ya mwanamke katika tamthilia asiyowahi kuifungua, akasahihishiwa, na akafaulu. Amejua kwamba Sekai ni mama mwenye mapenzi ya dhati. Hajawahi kukimbia naye usiku.

Kosa hili halina mwenyewe mmoja. Mtunga mitihani anataka majibu yanayosahihishika kwa haraka, maana watahiniwa ni wengi mno. Mwalimu ana darasa la wanafunzi themanini. Mzazi anataka daraja la kwanza. Shule nyingi zina chumba kilichoandikwa Maktaba mlangoni, ndani ni stoo ya majembe na madawati mabovu. Lakini Taasisi ndiyo inayoandika muhtasari, na muhtasari ndio unaomwambia mwalimu kwamba saa ya kusoma kwa sauti, ya kubishana juu ya mhusika bila kutafuta jibu sahihi, ni saa halali ya kazi. Ikiandikwa humo, mwalimu ataifuata bila kuogopa mkaguzi.

Historia ya Rosa Mistika inafaa kukumbushwa hapa. Euphrase Kezilahabi aliitoa mwaka 1971, riwaya ya binti wa Ukerewe, baba mkali na mlevi, na maisha yanayomwangukia binti huyo akiwa mbali na nyumbani. Ilipigwa marufuku isisomwe shuleni kwa kuonekana ni ya aibu. Miaka ikapita, wakubwa wakaisoma upya, na kitabu kikaingia darasani. Wale waliokiogopa walitazama vitendo vya Rosa. Waliokiingiza walitazama malezi yaliyomfikisha huko. Somo la malezi lilikuwa ndani ya kitabu tangu siku ya kwanza. Tunalikumbusha hili kwa sababu mtaala mpya, ulioanza kutekelezwa Januari 2024, umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, na wapo watakaodhani kwamba maadili sasa yamepata chumba chake, kwa hiyo fasihi isiwe na watu wabaya. Fasihi isiyo na watu wabaya haimfundishi mtoto kumtambua mbaya akikutana naye stendi.

Tukiwa kwenye lawama, tuseme pia la kusifu ambalo halisemwi vya kutosha. Orodha za kidato cha tano na cha sita zilimweka Haji Gora Haji na diwani yake ya Kimbunga sambamba na wasomi wa vyuo vikuu. Haji Gora alizaliwa Tumbatu mwaka 1933. Alikuwa mvuvi, alikuwa baharia, na elimu yake kubwa aliipata kwa bahari na kwa wazee. Taifa lililomketisha mwanafunzi wa mchepuo wa lugha amsome mvuvi kwa makini, abishane na mafumbo yake ya upepo, mawimbi na miti mikubwa inayong'olewa, lilifanya jambo la adabu kubwa. Lilikiri kwamba maarifa ya bahari yako pia kwa wanaoivua. Mshairi huyo alifariki mwaka 2021. Wanafunzi wanaoishi pwani, ambako kwa miaka mingi baruti ilivunjavunja matumbawe na kuua hadi vifaranga vya samaki, wangemsoma kwa jicho jingine kama mwalimu angewaambia waanze na mashairi yake, kisha washuke ufukweni na daftari.

Hapa ndipo tunapoona pengo la nusu karne ijayo. Orodha zetu ni tajiri kwa mambo ya jamii: ukimwi, mahari, ufisadi, uongozi, nafasi ya mwanamke. Ardhi, maji na viumbe vingine huonekana mara nyingi kama mandhari, pazia la nyuma ambalo mbele yake binadamu wanagombana. Shaaban Robert alikuwa ameshatuonesha njia nyingine katika Utubora Mkulima, kilichochapishwa mwaka 1968 baada ya kifo chake, ambamo mtu wa kazi nzuri mjini anaiacha na kwenda kulima, na utu wake unakamilika shambani. Katika kitabu kile shamba lina uzito wa mhusika. Wachache waliifuata njia hiyo.

Wala visa havijakosekana. Nchi hii ina kisa ambacho mwandishi yeyote angekiiba kama angekiona kwanza. Katika Milima ya Udzungwa kuna korongo la Mto Kihansi, na katika korongo hilo maporomoko ya maji yalikuwa yakirusha manyunyu usiku na mchana juu ya majani. Ndani ya manyunyu hayo, na si mahali pengine popote duniani, aliishi chura mdogo wa rangi ya dhahabu, anayeweza kukaa juu ya ukucha wa kidole gumba, na ambaye hatagi mayai kama vyura wengine; huzaa watoto kamili. Wanasayansi walimgundua mwaka 1996, wakati ujenzi wa bwawa la umeme la Kihansi ukiwa umeshaanza. Mwaka 2000 maji mengi yakaelekezwa kwenye mitambo yenye uwezo wa megawati 180, umeme ambao nchi yenye mgawo wa kila siku ilikuwa ikiulilia. Manyunyu yakakatika. Vyura karibu 500 wakabebwa kwa ndege hadi Marekani, wakalelewa katika bustani za wanyama za Bronx na Toledo, huku korongoni mabomba yakiwekwa kunyunyiza maji ya kuiga maporomoko. Ugonjwa wa ukungu ukaingia, na mwaka 2009 chura yule akatangazwa kuwa ametoweka porini. Mwaka 2010 wajukuu wa wale waliosafiri walirudishwa, wakapokelewa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kuanzia mwaka 2012 wakaanza kurudishwa korongoni kwao.

Nani ana haki hapo? Mama anayejifungua zahanati isiyo na taa anahitaji umeme ule. Chura hakuwa na wakili. Mhandisi hakuwa mwovu, alikuwa na ratiba. Hiki si kisa cha jibu moja, na ndiyo maana kingefaa darasani kuliko kauli mbiu yoyote ya tutunze mazingira. Mpe mwandishi mzuri wa watoto chura aliyezaliwa New York asiyewahi kusikia sauti ya maporomoko ya kwao. Hutahitaji kumwongezea maadili chini ya ukurasa.

Au Mto Ruaha Mkuu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 mto huu, uliokuwa ukitiririka mwaka mzima katika Hifadhi ya Ruaha, umekuwa ukikauka kiangazi, viboko wakisongamana kwenye madimbwi ya matope. Juu yake, katika bonde la Usangu, kuna mashamba ya mpunga yanayolisha miji, kuna wafugaji waliohamia na wengine waliohamishwa, kuna ardhi oevu ya Ihefu. Kila mmoja ana sababu yake, na kila sababu inaeleweka. Hiyo ni riwaya iliyokaa tayari kwa wahusika wake, inasubiri kalamu.

Upande wa fasihi simulizi pengo ni la namna nyingine. Tunaifundisha sana, lakini kama kabati lenye droo: hadithi, ushairi, semi, maigizo, na vijitanzu vyake. Mwanafunzi anaweza kutofautisha visasili na visakale bila kumwuliza bibi yake hadithi hata moja. Huko nje maneno ya wazee yalikuwa na kazi. Wasukuma walikuwa na ngitili, malisho yanayofungwa wakati wa masika ili ng'ombe wapate nyasi kiangazi kikikaza. Utaratibu huo haukuandikwa popote. Ulikaa katika makubaliano ya wazee na katika midomo ya watu. Shinyanga ilipokuwa imebaki wazi, miti ikiwa imefyekwa kwa ajili ya kuua mbung'o na kupanua pamba, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulianza mwaka 1986, na wataalamu wakagundua kwamba dawa ilikuwa kwa wenyeji wenyewe. Ngitili zikafufuliwa, na mamia ya maelfu ya hekta yakarudi kuwa na miti na nyasi. Upare nako misitu midogo ya mpungi ilisimama vizazi na vizazi kwa sababu watu walisimuliwa kilichomo ndani na kinachompata anayeikata. Mwanafunzi wa Mwanga au Shinyanga akipewa kazi ya likizo ya kukusanya masimulizi ya msitu mmoja, aandike jina la msimulizi na umri wake, atarudi na fasihi simulizi iliyo hai na baiolojia pamoja, na huenda akawa mtu wa mwisho aliyeyawahi.

Taasisi imeshaonesha kwamba inaweza kuzaa mambo mapya uzeeni. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi, ilitolewa kwa mara ya kwanza tarehe 13 Aprili 2023, siku ya kuzaliwa kwa Mwalimu, na kamati yake ya kitaifa ikaongozwa na Profesa Penina Mlama, yuleyule aliyetuandikia tamthilia ya Nguzo Mama. Jina la tuzo limekaa mahali pake. Nyerere alikuwa rais aliyetafsiri Shakespeare kwa Kiswahili akiwa Ikulu, na ndiye aliyetoa Tamko la Arusha la mwaka 1961 juu ya kuhifadhi wanyamapori, miezi michache kabla ya uhuru. Kitabu na pori vilikaa katika kichwa kimoja bila kugombana.

Kushinda tuzo ni mwanzo tu wa safari ya muswada. Baada ya picha na bahasha, kitabu kinatakiwa kufika Liwale, Uvinza na Micheweni, kikiwa na nakala za kutosha ili mwanafunzi alale nacho kitandani. Orodha ya sekondari isikae tena miaka karibu 20 bila kuguswa. Kila mwaka itolewe nafasi moja kwa kitabu kipya, na anayekipendekeza asiwe profesa peke yake. Tunaiomba Taasisi ichague shule kadhaa, za mjini na za vijijini, izipe miswada mitatu iliyofika fainali bila kuwaambia wanafunzi waamuzi walisema nini, kisha kabla ya kuchapa iwaulize ni upi waliumaliza, na ni upi waliugombania.